Habari Nusu ni Hatari: Namna Mitambo ya Viwandani Inavyopashana Habari

Mnamo tarehe 28 Machi, 1979, yapata saa kumi ya alfajiri, pampu zilizokuwa zikipeleka maji kwenye majenereta ya mvuke ya kinu namba 2 cha nyuklia huko Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, zilisimama ghafla. Shinikizo ndani ya kinu lilipanda, na vali ya kulipunguza ikafunguka kama ilivyokusudiwa. Sekunde chache baadaye shinikizo lilishuka, amri ya kuifunga vali ikapelekwa, na katika chumba cha udhibiti taa ya vali hiyo ikazimika. Wafanyakazi wa zamu waliitazama taa wakaamini kwamba vali imefungwa.

Kumbe vali ilikuwa imekwama wazi. Taa ile haikupata habari zake kutoka kwenye vali yenyewe. Ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa. Kwa muda wa zaidi ya saa mbili maji ya kupoza kinu yalitoka kupitia vali hiyo, na wafanyakazi, wakidhani kuwa maji yamezidi, walipunguza hata yale yaliyokuwa yakiingizwa kwa dharura. Mwishowe yapata nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka, na kinu hicho hakikuzalisha umeme tena.

Ajali ile ilikuwa na sababu kadhaa, lakini sababu hii moja yastahili kuangaliwa peke yake. Waya wa taa haukukatika, wala taa haikuharibika. Habari ilifika salama, ila ilikuwa habari ya jambo jingine. Tangu siku hizo viwanda vimezidi kukabidhi kazi zao kwa kompyuta, na swali lile lile hujitokeza mara nyingi katika kila sekunde: je, namba inayofika kwenye kidhibiti ni nzima, ni ya wakati mmoja, na ni ya sasa?

Kidhibiti na vyombo vyake

Katika kiwanda chochote kikubwa, kiwe cha sukari, cha saruji au cha kusafisha maji, kuna vyombo vya namna mbili vilivyotapakaa mitamboni. Vya kwanza hupima: kipimajoto katika boila, kipimo cha kina cha maji ndani ya tangi, mita ya mtiririko kwenye bomba. Vya pili hutenda: vali, mota na pampu. Kati ya makundi hayo mawili kuna kidhibiti, yaani kompyuta ndogo iliyoundwa kustahimili joto, vumbi na mtikisiko, ambayo hupokea vipimo, hufanya hesabu, kisha hutoa amri.

Kidhibiti hufanya kazi kwa mizunguko. Kwanza hukusanya vipimo vyote na kuviandika katika kumbukumbu yake. Pili hupitia programu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Tatu hupeleka amri kwa vali na mota. Baada ya hapo huanza upya, na aghalabu mzunguko mzima huchukua milisekunde chache tu au makumi ya milisekunde. Mpangilio huo unafanana na ule wa karani mwangalifu ambaye hunakili kwanza mizani zote kwenye daftari, ndipo akafunga mlango na kupiga hesabu. Lau angetoka nje kutazama mizani kila alipohitaji namba, mwanzo wa hesabu yake ungekuwa wa saa mbili na mwisho wake wa saa tatu.

Kutoka upepo hadi namba

Kabla ya kompyuta kuenea viwandani, vipimo vingi vilisafirishwa kwa hewa iliyoshindiliwa ndani ya mabomba membamba. Baadaye umeme ulishika nafasi ya hewa, na kipimo kikawakilishwa na mkondo wa umeme wa kati ya miliampia 4 na miliampia 20. Tangi tupu hutoa miliampia 4, tangi lililojaa hutoa 20, na tangi lililofika nusu hutoa 12.

Mtu aweza kuuliza kwa nini tangi tupu lisitoe sifuri. Jibu lake ni fundisho la kwanza katika elimu hii. Iwapo sifuri ingekuwa na maana ya tangi tupu, basi waya uliokatwa na panya ungesema vilevile kwamba tangi ni tupu, na pampu ingeendelea kusukuma maji mpaka yamwagike. Kwa kuanzia miliampia 4, ukimya hutambulikana kuwa ni ukimya. Chombo kisichosema neno hakiwezi kudhaniwa kuwa kimesema sifuri.

Njia hiyo ingali inatumika mahali pengi hadi leo, lakini kwa desturi kila chombo huhitaji jozi yake ya waya. Kiwanda chenye vyombo elfu moja huhitaji maelfu ya waya zinazoelekea chumba kimoja. Hapo ndipo wahandisi walipofikiria kuviweka vyombo vingi kwenye kebo moja na kuvifanya vizungumze kwa zamu.

Lugha ya vidhibiti

Kidhibiti cha kwanza cha aina inayojulikana leo kilibuniwa Marekani mwaka 1968 na kundi la wahandisi lililoongozwa na Richard Morley. Kiliitwa Modicon 084, kwa kuwa kilikuwa mradi wa 84 wa kampuni yao. Mwaka 1979, ule ule wa ajali ya Three Mile Island, kampuni ya Modicon ilitangaza itifaki iitwayo Modbus, yaani kanuni za mazungumzo baina ya vidhibiti na vyombo. Itifaki hiyo ingali hai, na katika viwanda vya mabara yote hukutwa mita na mota zinazoielewa.

Kanuni za Modbus ni chache. Kwenye kebo kuna msimamizi mmoja, nacho chombo kingine chochote hakisemi mpaka kiulizwe. Msimamizi hutaja namba ya chombo, kati ya 1 na 247, kisha hutaja analotaka, kwa mfano kusoma rejista fulani. Rejista ni chumba kidogo cha kumbukumbu chenye biti 16, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa humo ni 65,535. Chombo hujibu, kisha msimamizi humgeukia anayefuata.

Mazungumzo hayo mara nyingi husafiri kwa kufuata kanuni za umeme za RS-485, zilizotolewa mwaka 1983. Ishara hupitishwa katika waya mbili zilizosokotwa pamoja, na mpokeaji husoma tofauti ya volti baina ya waya hizo. Kelele za umeme kutoka kwenye mota kubwa huzigusa waya zote mbili karibu sawasawa, kwa hiyo tofauti baina yao haibadiliki sana. Kwa njia hiyo ujumbe waweza kufika umbali wa mita 1,200 iwapo mwendo wake si wa kasi mno.

Muhuri juu ya bahasha

Hata hivyo kelele nyingine hupenya. Kwa sababu hiyo kila ujumbe huongezewa namba ya ukaguzi mwishoni. Namna yake yaweza kuelezwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Tuseme mtu atuma namba 4,731 kwa simu yenye mikwaruzo. Huigawa kwanza kwa 7, apate baki 6, kisha hutuma namba pamoja na baki yake. Mpokeaji akisikia 4,781 na baki 6, huigawa kwa 7 akaona kwamba baki ni sifuri, na papo hapo hujua kuwa kuna kosa.

Ukaguzi huo mdogo una udhaifu, kwani namba 4,738 nayo ina baki 6, na mpokeaji angeikubali. Ndiyo maana vyombo vya viwandani hutumia kigawanyo kikubwa zaidi na mgawanyo wa aina maalumu unaofaa kwa biti. Nguvu ya njia hiyo ilichambuliwa na watafiti wa Marekani W. W. Peterson na D. T. Brown katika mwaka 1961. Katika Modbus baki hiyo ina biti 16. Hugundua kila kosa lililojikusanya ndani ya biti 16 zilizofuatana au pungufu yake, na kati ya jumbe zilizovurugika ovyo kabisa, ni moja tu katika 65,536 inayoweza kupita bila kutambuliwa. Ujumbe uliokataliwa huombwa tena.

Mafundi wengi huishia hapo. Wakiona kwamba ukaguzi umepita, husema kwamba data ni sahihi. Lakini muhuri huilinda barua njiani tu. Kama karani aliyeiandika barua alichanganya ukurasa wa jana na ukurasa wa leo, kisha akaitia katika bahasha na kuipiga muhuri, barua itafika ikiwa salama na muhuri wake mzima, na bado itakuwa na uongo ndani yake.

Namba iliyogawanyika

Uongo huo huzaliwa hivi. Chukua mita ya gari inayohesabu kilomita, ambayo imefika 1,999. Mtu asoma tarakimu ya kwanza, 1, na kuiandika. Kabla hajazisoma zilizobaki, gari linasogea na mita inageuka kuwa 2,000. Anaandika sifuri tatu zilizo mbele yake, na kwenye karatasi yake pana 1,000. Lau angeanza kwa tarakimu za mwisho angeandika 2,999. Kila tarakimu aliiona kweli kwa macho yake, lakini namba aliyoiandika haikuwapo wakati wowote.

Katika kidhibiti jambo hilo hutokea wakati namba ni kubwa kuliko rejista moja. Mita ya mafuta iliyohesabu lita 65,535 huwa na 0 katika rejista ya juu na 65,535 katika rejista ya chini. Lita moja ikiongezeka, rejista ya juu huwa 1 na ya chini hurudi 0. Kidhibiti kikisoma rejista ya juu kabla ya badiliko na ya chini baada yake, hupata 0 na 0, yaani lita sifuri. Kikianza na ya chini, hupata 1 na 65,535, ambayo ni lita 131,071. Mafuta yaliyopita ni lita moja. Namba iliyosomwa imekosea kwa maelfu.

Muda wa kutokea kosa hilo si mdogo kama inavyodhaniwa. Kwa mwendo wa kawaida wa biti 9,600 kwa sekunde, swali moja la Modbus la kusoma rejista moja pamoja na jibu lake huchukua takriban milisekunde 17, mbali na muda wa chombo kufikiri. Kidhibiti kinachouliza kwanza rejista ya juu, kisha kwa swali la pili rejista ya chini, huacha mlango wazi kwa muda wote huo.

Kosa la namna hii lina tabia mbaya mbili. Ya kwanza ni kwamba halitokei ila pale rejista ya chini inapogeuka, pengine mara moja kwa siku au mara moja kwa juma. Ya pili ni kwamba hudumu kwa mzunguko mmoja tu, halafu kipimo kinachofuata huwa sahihi. Lakini mzunguko mmoja wamtosha kidhibiti kufunga vali, kusimamisha mota au kuandika namba katika kitabu cha mauzo. Fundi aliyeitwa usiku hukuta kila kitu kikisoma vizuri. Hubadilisha mita isiyo na kosa, akabadilisha kebo isiyo na kosa, na pengine lawama ikamwangukia mtu wa zamu aliyesema kweli kuhusu alichokiona.

Hatari hiyo haiko kwenye namba kubwa peke yake. Ipo pia kwa kundi la namba zinazohusiana. Kiwanda cha rangi kinapobadilisha kutoka rangi moja kwenda nyingine, kidhibiti hupokea maagizo mapya: kiasi cha mafuta, kiasi cha unga wa rangi, joto na muda wa kukoroga. Iwapo mbili za kwanza ni mpya na mbili za mwisho zingali za zamani, mtambo utatengeneza kitu ambacho hakuna mtu aliyekiagiza, na kila namba peke yake itaonekana halali.

Njia za kuilinda namba

Wahandisi wana mbinu kadhaa za kuziba pengo hilo, na zote husimama juu ya wazo moja: vitu vinavyokwenda pamoja visisomwe wala kuandikwa kimoja kimoja.

Ya kwanza ni kuomba rejista zote zinazohusiana katika swali moja. Modbus huruhusu kusoma rejista zipatazo 125 kwa swali moja. Lakini hilo halitoshi kama chombo chenyewe hubadilisha rejista zake wakati kinaandaa jibu.

Kwa hiyo mbinu ya pili hufanyika ndani ya chombo. Chombo huwa na kurasa mbili za kumbukumbu. Huandika vipimo vipya kwenye ukurasa wa nyuma huku msomaji akisoma ukurasa wa mbele, na kurasa hubadilishana nafasi pale tu ukurasa mpya unapokuwa umekamilika. Msomaji hupata habari ya zamani kidogo au habari mpya, lakini hapati mchanganyiko.

Mbinu ya tatu hutumia namba ya mfululizo. Chombo huandika namba moja mwanzoni mwa kundi la data, kwa mfano 58, kisha data, kisha 58 tena mwishoni. Katika zamu inayofuata huandika 59 pande zote mbili. Msomaji anayeanzia upande ulioandikwa mwisho hulinganisha namba hizo mbili. Zikitofautiana, huitupa data hiyo na kusoma upya.

Mbinu ya nne hutumika kwa maagizo. Kidhibiti kikuu huandika kwanza namba zote, na mwisho kabisa hugeuza biti moja yenye maana ya kwamba maagizo yamekamilika. Mtambo hauyagusi maagizo mapya mpaka uione biti hiyo, na baada ya kuyachukua hujibu kwa biti yake. Wafanyabiashara hufanya vivyo hivyo: mzigo hauhesabiwi kuwa umepokelewa mpaka hati itiwe saini.

Baadhi ya itifaki zilizofuata zililiingiza jambo hili katika kanuni zake. PROFIBUS, iliyotokana na mradi ulioanza Ujerumani mwaka 1987, humwezesha chombo kueleza kwamba kundi fulani la baiti ni kitu kimoja kisichogawanyika. Hata hapo, programu ndani ya kidhibiti sharti ilichukue kundi hilo kwa njia inayoheshimu umoja wake. Fundi anayeandika programu ya kuchukua baiti mbili sasa na mbili baadaye huuvunja kwa mkono wake umoja ambao kebo nzima imeulinda.

Upo na mtego wa utaratibu. Kanuni za Modbus hazikuagiza ni rejista ipi itangulie katika namba ya rejista mbili, na watengenezaji wamechagua kila mmoja kwa njia yake. Mita mbili zilizo kando kando zaweza kutuma namba ile ile kwa mpangilio uliopinduliwa. Namba 1 ikipinduliwa husomeka 65,536. Kosa hili angalau hudumu, na fundi huliona mapema akilinganisha kioo cha mita na kinachosomwa na kidhibiti.

Habari iliyochelewa

Namba yaweza kuwa nzima na bado isifae, kwa kuwa imechakaa. Tarehe 19 Agosti, 2006, katika kituo cha nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama nchini Marekani, pampu mbili za kuzungusha maji ya kinu namba 3 zilisimama. Vidhibiti vya mota zake vilikuwa vimeunganishwa na mtandao wa kompyuta wa kituo, na jumbe nyingi kupita kiasi katika mtandao huo zilivifanya viache kuitikia. Wafanyakazi walikizima kinu kwa mkono, na kilizimika salama. Baada ya hapo kituo kiliweka vizuizi vya kupunguza jumbe zinazovifikia vyombo hivyo.

Chombo kilichonyamaza huleta hatari ya pekee, kwani kumbukumbu ya kidhibiti haifutiki yenyewe. Namba ya mwisho hubaki pale pale. Tangi lililosomeka nusu wakati kebo ilipokatika litaendelea kusomeka nusu hata likifurika. Mafundi wa zamani walilizuia jambo hilo kwa miliampia 4. Mafundi wa sasa hutumia mapigo ya moyo. Chombo huongeza namba moja kila baada ya muda fulani, na kidhibiti huangalia kama namba hiyo inabadilika. Isipobadilika kwa muda uliowekwa, kidhibiti huyakataa masomo yote ya chombo hicho na kuupeleka mtambo kwenye hali ya usalama iliyoamuliwa kabla: moto wa boila huzimwa, vali ya mafuta hufungwa, king'ora hulia.

Kumwuliza mwenyewe

Limebaki somo la vali ya Three Mile Island, ambalo hakuna itifaki inayoweza kulitimiza kwa niaba ya fundi. Amri ya kufunga na kufungika ni habari mbili tofauti. Ya kwanza hutoka kwenye kidhibiti. Ya pili sharti itoke kwenye vali, kwa swichi ndogo zinazoguswa na shina lake linapofika mwisho wa mwendo. Kidhibiti kilichopangwa vizuri hutoa amri, husubiri kwa sekunde zinazojulikana, kisha hulinganisha. Ikiwa amri yasema funga na swichi zasema wazi, hapo pana hitilafu, na mtu wa zamu aambiwe hivyo hivyo bila kufichwa.

Yote haya yaweza kujaribiwa kabla ya mtambo kukabidhiwa. Hesabu ya mita na ianzishwe karibu na 65,535 na isomwe mara elfu nyingi inapovuka. Kidhibiti na kihesabu ni mara ngapi namba ya mwanzo na ya mwisho za kundi la data zilitofautiana. Kebo na ichomolewe mtambo ukiwa unakwenda, ili ionekane kama king'ora kitalia au kama namba ya zamani itabaki imetulia kwenye kioo. Vali na izuiwe isifunge, na taa yake iangaliwe.

Majaribio hayo huchukua siku moja au mbili, na hayahitaji vifaa vya thamani kubwa. Mtu wa zamu, anayekaa mbele ya vioo hivyo usiku kucha, hana njia ya kwenda kuutazama kila mwanya wa bomba. Anachokijua kuhusu mtambo ni kile tu anacholetewa na waya.